Mashine ya Kumi na Nne

Mlionisoma wiki jana mnajua niliishia wapi. Alhamisi, saa nne asubuhi, umeme ulipanda ghafla pale studio kwetu Kimironko, na kompyuta zote tatu zikafa kwa mpigo mmoja. Bosi wangu Bruce akakaa sakafuni, mimi nikabaki nimesimama na kikombe cha chai. Mliokosa hamjakosa mengi. Mimi ni Febronia, mtu wa Karagwe, naishi Kigali mwaka wa tatu sasa, na tangu nifike sijapata wiki ya kupumua.

Leo nasimulia ya Alhamisi jioni mpaka Jumanne. Mhariri amenipigia simu mara mbili kuuliza kama nina uhakika. Nimemwambia achape. Sina tena pa kuaibikia.

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo hazijajengwa. Mnunuzi anataka kuona sebule yake kabla msingi haujachimbwa, basi namwonyesha sebule, pazia, hata paka akitaka. Filamu ya dakika mbili ina picha elfu tatu, na kila picha kompyuta inaichora yenyewe, kivuli kwa kivuli, jani kwa jani. Sisi tunaita kurenda. Picha moja, dakika kumi na mbili. Haya, piga hesabu.

Nusu ya filamu tulikuwa nayo salama. Zilibaki picha elfu moja na mia tano, za mradi wa nyumba za Gahanga, na wenye mradi walikuwa wanatua na ndege Jumamosi. Filamu ilitakiwa Jumamosi hiyohiyo, saa kumi jioni.

Bruce ni Mnyarwanda aliyekulia Uganda. Akiwa na hofu husema polepole.

"Febu, hii kazi ikikosa, studio inafunga. Mimi naongea ukweli. Na karatasi yako ya kazi iko kwa jina la studio."

"Najua."

"Sasa tunafanya nini?"

"Nipe mpaka jioni," nikamwambia, na wala sikuwa na kitu kichwani.

Jioni hiyohiyo nikamwendea Zephaniah.

Zephaniah ndiye mwenye nyumba ninayokaa, kule Ndera. Chumba cha uani, sijawahi kulipa hata mwezi mmoja. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kwetu Karagwe zamani, na baba yangu aliwapa shamba la kulima. Zephaniah hajasahau. Siku nilipofukuzwa nyumba ya kwanza alikuja mwenyewe na pikipiki mbili kubeba vitu vyangu, hakuniuliza hata swali moja. Mkewe Mukamana naye akanipokea, akajifunza kuniita wifi, na neno hilo analitamka kama amepewa zawadi.

Zephaniah ndiye anayetunza kompyuta za kampuni moja ya kutotolesha vifaranga, kule Masoro. Nilimkuta ananawa miguu bombani.

"Kaka, pale kazini mna kompyuta ngapi?"

"Za nini?"

"Zilizolala tu. Zisizo na kazi kuanzia kesho jioni mpaka Jumamosi mchana."

Akafikiri. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi nzima hakuna duka wala ofisi, kila mtu yuko mtaani kwake na jembe. Kampuni yao siku hiyo hufungua saa saba.

"Chumba cha mafunzo ya wafugaji zipo kumi," akasema. "Mauzo mbili, stoo moja. Kumi na tatu. Kwani zitafanya nini?"

"Umuganda, kaka. Mtaro ni mrefu, kila mtu anapewa kipande chake. Picha moja kwa kompyuta moja, ikimaliza inachukua nyingine. Laptopu yangu ndiyo msimamizi. Inagawa, inapokea, inahesabu."

Akacheka. Zephaniah akicheka hufunga macho.

"Sawa. Ila Madamu Alida asijue. Si kwamba atakataa. Ataniuliza maswali mwaka mzima."

Alida ndiye mkurugenzi wao. Nikamwahidi mdomo wangu nitaufunga.

"Na kuna moja nyingine, ya kumi na nne," akasema, sasa hacheki. "Iko chumba cha mayai. Hiyo usiiguse, dada. Hiyo inaangalia joto. Joto likipanda inanipigia simu."

"Siigusi."

Wakati ule nilikuwa nasema kweli. Naomba mniamini kwa hilo tu, mengine siombi.

Ijumaa saa kumi na moja jioni tukaingia. Wafanyakazi walishaondoka, mlinzi alitujua. Nikapita mashine moja baada ya nyingine na flashi yangu. Wanaoanza kazi hii huacha mashine zote zivute mafaili kutoka sehemu moja, mtandao unaziba, na mashine zinangojana kama watu wenye ndoo kwenye bomba moja. Mimi kila mashine niliiwekea mafaili yake yote ndani, kwanza. Nyasi zake, matofali yake, anga lake. Halafu kinachopita kwenye mtandao ni amri ndogo tu na picha iliyokwisha.

Mashine kumi na tatu zikaamka. Laptopu ikaniorodheshea: iko huru, iko huru, iko huru. Nilijisikia vizuri, siwezi kuficha.

Halafu nikapiga hesabu, kitu ambacho ningekifanya tangu Alhamisi kama ningekuwa na akili. Mashine moja, picha tano kwa saa. Saa kumi na nane, mpaka saa tano asubuhi ili nibaki na muda wa kuunganisha, picha tisini. Mara kumi na tatu, elfu moja mia moja na sabini.

Pungufu, mia tatu na thelathini.

Zephaniah alikuwa ameenda getini kusaini kitabu cha funguo. Mlango wa chumba cha mayai ulikuwa wazi.

Sikukimbilia. Nilisimama kwanza. Kulikuwa na kabati kubwa la chuma linalonguruma, na pembeni kimeza, na juu yake kompyuta ambayo Bruce angeuza figo aipate. Madamu Alida aliinunua ili wageni wakija waone jinsi anavyojali vifaranga. Kwenye skrini, namba moja ya kijani: thelathini na saba nukta sita. Kiti kitupu.

Nikaangalia inatumia kiasi gani cha nguvu zake. Asilimia tatu! Mashine yenye nguvu za mashine nne, imekaa inaangalia namba moja.

Mara nne tisini, mia tatu na sitini. Ilinitosha, na picha thelathini za ziada.

Nikachomeka flashi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojishtaki. Programu ile ina mahali pa kuwekea kikomo. Unaiambia: tumia nusu ya nguvu, nusu waachie wenyewe. Mahali hapo napajua kama ninavyojua mlango wa chumba changu. Nusu isingenifikisha. Nikaiachia yote.

Nilipotoka, Zephaniah alikuwa anakuja koridoni na funguo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kumi na tatu?"

"Kumi na tatu," nikasema.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye mtaro, Ndera. Mukamana anafagia majani, Zephaniah na mimi tunachimba, hatua mbili kati yetu. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati, naiona. Yangu ilikuwa kwenye sketi, na kila ilipotetemeka ilikuwa picha imekwisha. Elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia mbili na kumi. Ilitetemeka mpaka jirani akauliza kama nimepata mchumba.

"Ameniganda huyo," nikamjibu. Watu wakacheka.

Saa tatu kasoro dakika kumi ikatetemeka tofauti. Nikaitoa. Mashine ya kumi na nne: kumbukumbu imejaa. Chini yake, vitufe viwili. Simamisha. Endelea.

Nilikuwa na matope mpaka kwenye kucha. Nikapangusa kidole gumba kwenye sketi, nikabonyeza Endelea.

"Kuna shida?" Zephaniah akauliza.

"Hakuna."

Na kweli kwangu hakukuwa na shida. Picha ziliendelea kuja. Saa tano kasorobo zikatimia zote, elfu moja na mia tano, hata moja haikukosa rangi. Sikungoja mkutano wa mwisho wa umuganda. Nikaaga, nikachukua laptopu iliyokuwa inazipokea kwa mtandao chumbani kwangu, barabara zilipofunguliwa nikapanda pikipiki kwenda studio, nikaziunganisha zile picha nikiwa bado na matope miguuni.

Saa kumi jioni filamu ikaonyeshwa. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akalia alipoona jiko. Jiko ambalo halipo! Bruce akanishika bega, akasema, "Febu, wewe umetuokoa," na simu yangu ikatetemeka.

Alikuwa Mukamana. Nikatoka nje kupokea.

"Wifi. Mayai yote imekufa."

"Mayai gani?"

"Ya kazini. Kabati ile kubwa. Saa tatu umeme ya kabati ilikatika kidogo, ikarudi, lakini feni ya ndani haikurudi. Joto ikapanda, ikapanda. Watu wamekuja saa saba, wakakuta arobaini na moja. Mayai elfu tisa mia sita, wifi. Ilikuwa imebaki siku nne itotoe."

"Na simu ya Zephaniah?"

"Haikulia. Wewe ulikuwa naye. Ililia?"

"Haikulia," nikasema.

Nilirudi ukumbini. Nikala sambusa. Nakumbuka ilikuwa ya nyama na ilikuwa imepoa, nikachukua nyingine. Nilikuwa nangoja nilie au nitetemeke, na sikuona kitu. Kama mguu uliolaliwa, unaugonga kwa ngumi unajua ni wako lakini hausikii. Mwili mzima ndivyo ulivyokuwa, na mpaka leo naandika haujaamka sawasawa.

Mayai ya siku kumi na saba yana joto lake yenyewe, hilo Zephaniah alinieleza zamani, mezani. Kifaranga ndani ameshaota manyoya. Feni ikisimama wanachemshana wao kwa wao. Kompyuta ilitakiwa kuona, ipige simu, na kutoka Ndera hadi Masoro kwa pikipiki ni dakika chache tu. Angewahi. Lakini kompyuta ilikuwa inanichorea nyasi.

Usiku ule Zephaniah alirudi, akaingia kulala bila kuwasha taa.

Jumapili tulikula pamoja, sisi watatu. Ugali na dagaa. Mukamana hakwenda kanisani. Nilikuwa nimejipanga tangu alfajiri, maneno yote ninayo.

"Kaka," nikaanza.

"Kula, dada."

"Kuna kitu nataka..."

"Nimesema kula." Hakuinua uso. "Chakula kinapoa."

Nikala. Nitawaambia ukweli, nilifurahi kunyamazishwa. Nikajiambia nimejaribu. Mtu mwoga haombi kisingizio kikubwa.

Jumatatu Madamu Alida akamsimamisha kazi. Alimwambia mbele ya wenzake kwamba simu aliizima wakati wa umuganda, halafu akaifuta taarifa ya kupigiwa. Bima haitalipa kama ni uzembe wa mtu, na bima isipolipa, atakwenda polisi. Wafugaji walikuwa wameshajenga mabanda, wanangoja vifaranga wao. Lazima apatikane mwenye kosa.

Jioni Mukamana akanifuata uani. Nilikuwa naanua nguo.

"Wifi, mimi nimeongea na Madamu mwenyewe. Nimempigia."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nyumbani kwangu iko mtaalamu wa kompyuta. Akuje afungue ile mashine, aone kama ilipiga simu ama haikupiga. Kompyuta haisahau, si ndiyo? Wewe ulisema."

Nilisema. Kweli nilisema, siku moja, kwa kujidai.

"Na Madamu?"

"Amekubali! Kesho saa tatu. Na mtu wa bima atakuwa pale." Akanishika mikono yote miwili na nguo zikiwa humo. "Imana, Mungu wetu, imekuleta hapa kwetu kwa sababu. Zephaniah amenikasirikia, anasema nisikusumbue. Mwanamume akipata aibu hataki msaada. Usimsikilize."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshikwa mikono, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

"Nitakuja," nikamwambia.

Sikulala wala sikukesha. Nilijilaza tu. Nilichopanga ni hiki: nitafika kabla yao, nitaingia kwenye mashine, nitatoa programu yangu, halafu nitasema kengele ilikwama yenyewe. Kompyuta hukwama. Zephaniah anasafishika, mimi nasafishika, kampuni ya bima inalipa. Nilikuta hata nafsi yangu inanipongeza.

Nikafika Masoro saa mbili na nusu. Walikuwa wameshafika wote.

Madamu Alida ni mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, suti ya bluu, miwani shingoni. Alinipa mkono kwa heshima, na hapo nikatamani angenizaba kofi.

"Murakoze, asante kuja. Huyu Zephaniah anasema yeye iko mtu mzuri. Mke wake pia anasema hivyo. Bon. Mimi nataka mashine iseme."

Pembeni alisimama kijana wa bima, Mkenya, aliyejitambulisha kwa neno moja tu, Kipchumba. Alikuwa na daftari. Zephaniah alisimama karibu na kiti. Kiti kilekile. Hakuniangalia.

Chumba kilikuwa kimya. Kabati la chuma lilikuwa limezimwa, limeachwa wazi, na pamoja na dawa waliyopiga bado palinuka.

Nikakaa. Vidole vilifanya kazi bila mimi. Nikafungua orodha ya programu, nikitafuta jina langu, yaani jina la kile nilichopachika, ili nijue nitakificha vipi watu watatu wakiwa nyuma yangu.

Haikuwepo.

Nikaangalia tena. Nikaenda kwenye folda niliyoiweka kwa mkono wangu. Tupu. Nyasi, matofali, anga, vyote havipo. Kuna mtu amepita pale na ufagio.

Ningeshukuru Mungu, sivyo? Nilisubiri nafuu ije. Badala yake nikafungua kumbukumbu za mashine, kule inakoandika kila inachofanyiwa, maana ndiko nilikoitwa kuangalia. Na pale ikawa imeandikwa. Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Programu imeondolewa. Aliyeondoa: Zephaniah.

Jina la programu lilikuwa pembeni, herufi sita ambazo kwa mtu asiye wa fani yetu hazina maana yoyote.

Saa nane na dakika ishirini. Mayai bado ya moto. Aliingia, akakuta programu yangu imeshika mashine koo, akaelewa yote. Ile ndiyo ingemwokoa. Angeipiga picha tu, akamwonyesha Alida, kesi imekwisha. Akaifuta. Akarudi nyumbani akalala bila taa, na Jumapili akaniambia nile, chakula kinapoa.

Alijua. Siku tatu nilikaa namwonea huruma mtu aliyekuwa ananionea huruma mimi.

"Alors?" Madamu Alida akavaa miwani, akainama juu ya bega langu. "Simu. Mashine ilipiga simu?"

"Haikupiga, Madamu. Kengele ilikwama tangu saa tatu kasoro. Zephaniah hakuzima simu. Hilo naweza kuapa."

Nikasikia Zephaniah anashusha pumzi. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tano nilifikiri tumepita.

"Ilikwama kwa nini?"

"Kompyuta hukwama, Madamu."

"Na hii?" Kidole chake chembamba kikagusa skrini, palepale. "Hapa naona jina ya huyu. Zephaniah. Jumamosi, baada ya mayai kufa. Hii iko nini? Alifanya nini saa nane?"

Nikasogeza kipanya pembeni.

"Febronia. Alifuta nini?"

Zephaniah akajibu yeye. "Mchezo, Madamu."

"Nini?"

"Mchezo wa mpira. Niliuweka mwenyewe. Huwa nacheza mchana kazi ikipungua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja orodha ya sokoni. "Ijumaa nilisahau kuuzima. Ndio ulijaza mashine, kengele ikakwama. Nilipoona, nikaogopa, nikafuta."

"Mchezo! Kwenye mashine ya mayai yangu!"

"Nisamehe, Madamu."

"Mana yanjye, Mungu wangu." Alida akavua miwani. Sidhani alikuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyechoka ghafla. "Miaka sita nimekupa funguo. Miaka sita."

Kisha akanigeukia, kwa heshima ileile.

"Wewe ndiyo unajua. Hii jina hapa iko jina ya mchezo?"

Nilifikiria Mukamana nyumbani, ameshika simu, anangoja. Nilifikiria kibali changu cha kazi. Nilifikiria pia kwamba nikisema ukweli, Zephaniah atakuwa mtu aliyeingiza mgeni kwenye mashine za kampuni kwa siri, kisha akaficha ushahidi, na pengine mimi sitamwokoa bali nitaongeza kosa juu ya kosa. Hilo la mwisho lilisikika vizuri sana kichwani mwangu. Mawazo ya mwoga huwa yamepigwa pasi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mchezo."

Hivyo tu. Wala sauti haikutetemeka.

Alida akatikisa kichwa, akaanza kutafuta namba kwenye simu yake. Nikajua ni ya polisi. Zephaniah akafungua kitambulisho cha kazi shingoni, akakiweka mezani mbele yangu, taratibu. Nikaanza kuinuka.

"Madamu, subiri kidogo na hiyo simu," Kipchumba akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza anazungumza tangu ajitambulishe. Akasogea, akainama kwenye skrini, akasoma zile herufi sita moja moja. Midomo yake ilicheza. Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Dada, kabla sijaajiriwa bima, mimi nilikuwa natengeneza katuni za watoto pale Nairobi. Miaka minne ya kurenda," akasema, bila ukali wowote. "Kwa hivyo nakuomba urudie polepole, niandike vile umesema, halafu utie sahihi. Hii kitu Zephaniah alifuta ni mchezo wa mpira?"

Madamu Alida akashusha simu. Wote wakaniangalia.

Nikafungua mdomo. Na Zephaniah, aliyekuwa amesimama kando ya kiti changu, akanikanyaga mguu kwa siri, nishikilie uongo wake.